Tango Halingoji Lori

Huku Kipese, mashariki mwa Kongo, karibu kila kitu kinachotoka shambani ni cha safari. Viazi hujazwa mifukoni, puaro hufungwa mafungu, kabichi hupangwa juu ya lori, na lori linashika njia ya mji wa Butembo. Udongo wa milima ya Lubero ni mzuri, mvua inatosha, na baridi ya huku inaikubali mboga. Lakini ingia jioni katika jiko la mkulima yuleyule aliyepakia lori asubuhi. Utakuta bugali na maharage, pamoja na viazi vidogo alivyovikataa mnunuzi. Karoti nzuri zimekwisha kwenda.

Jambo hili linaniuma. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba nchini Kongo watoto 43 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Katika milima inayolisha miji, mtoto aliyedumaa ni aibu yetu sisi watu wazima, na hatuwezi kusingizia vita peke yake.

Ndiyo maana napenda sana mstari wa matango ulio nyuma ya jiko letu. Sisemi kwamba tango litamkuza mtoto. Karibu asilimia 95 ya tango ni maji, na anayetafuta nguvu aende kwenye maharage, lengalenga na mayai. Nalipenda kwa tabia yake.

Tango ni mmea wa joto, na huku ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Kwa hiyo tunalipanda kando ya ukuta wa matofali unaopigwa na jua la mchana, tukaweka samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na kusimika matawi ya mikaratusi ili lipande. Maua ya kwanza huanguka bila kuacha kitu. Wengi hapo hukata tamaa, na wengine huanza kumtazama jirani kwa jicho baya. Jirani hana kosa: maua ya dume ndiyo hutangulia. Ua la jike hufuata nyuma yake, na utalijua kwa sababu limebeba kitango kidogo shingoni, chenye manyoya, kisichozidi kidole cha mtoto. Asubuhi ya baridi nyuki hachangamki, basi mama huchuma ua la dume, hulivua petali zake na kuligusisha taratibu ndani ya ua la jike. Watoto wetu wamejifunza kufanya hivyo, nao hukumbuka kila ua walilogusa.

Tango likishashika, halina subira. Leo ni jembamba, siku chache baadaye limejaa mkono. Ni lazima ulikate kwa kisu likiwa bado kijani na mbegu zake laini, kwa sababu ukiliacha linenepe na kugeuka njano, mmea huona kazi yake ya kuzaa mbegu imekwisha, na maua mapya hupungua. Ukivuna mara kwa mara, nao huzaa mara kwa mara. Ukikosa kuumwagilia wakati wa jua, hukurudishia uchungu mdomoni.

Zao la namna hii haliwezi kungoja lori. Likikaa siku nyingi linalegea, na bei yake ndogo hailipi usafiri. Kwa hiyo linaliwa hapa hapa, na matango yakizidi, yanavuka uzio kwenda kwa jirani. Mwezi Juni 2024, mji wa Kanyabayonga ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, familia nyingi zilikimbia kuelekea kaskazini, Lubero na Butembo, na nyumba nyingi za ukanda huu zikapokea watu wasiokuwa na shamba wala sufuria. Barabara ikiwa na mashaka, mfuko wa viazi unaweza kulala ukisubiri mnunuzi. Bustani ya nyuma ya jiko haikujali barabara. Mama mgeni alipewa kisu na kuambiwa, "Mama, ingia ukate mwenyewe, usiogope." Kwangu mimi heshima hiyo ilikuwa kubwa kuliko chakula chenyewe, maana mgeni alivuna kama mwenye nyumba.

Sikatai biashara ya mboga. Imesomesha watoto wengi, imejenga nyumba za mabati, na bila Butembo tungeuza kwa nani? Ninachokataa ni shamba zima kuwa la mnunuzi, hadi kwenye mlango wa jiko.

Mvua za Septemba zikianza, baba, kabla hujapanda viazi hadi ukutani, muulize mama wa nyumba ni kipande gani anakitaka. Mwachie kilicho karibu na jiko na chenye jua, apande matango, lengalenga, karoti na maharage, na kipande hicho kisihesabiwe katika mifuko ya lori. Watoto wale kwanza.