Nilimwita Mwongo kwa Sababu ya Herufi Moja

Juzi laptopu ya zamani yenye hesabu za kanisa ilikataa kufunguka. Kijana anayeitunza alinipa paswadi. Nikaandika mara sita, ikasema si sahihi. Nikampigia simu, nikamwambia, "Umeibadilisha kwa sababu kuna kitu unaficha." Akajibu tu, "Pasta, hiyo ndiyo paswadi."

Usiku ndipo nikahesabu vile vidoti. Paswadi ina herufi tisa; vidoti vilikuwa nane. Kitufe cha "n" kilikuwa kimekufa, na kwa kuwa paswadi hufichwa unapoiandika, sikuona pengo. Nikabonyeza ile alama iliyo kwenye kona ya chini, nikafungua kibodi ya skrini, nikachagua herufi moja moja kwa kipanya. Ikafunguka. Hesabu zote ziko sawa.

Je, nilitenda dhambi au nilikosea tu? Nimesomea biashara, tulifundishwa kufuata ushahidi, na ushahidi si ulikuwa kwenye skrini? Mashine haikudanganya: paswadi iliyoifikia ilikuwa pungufu kweli. Lakini kijana huyu namjua miaka minne, na nikaliamini neno la laptopu mbovu kuliko lake. Mithali 18:13 nimeihubiri mara ngapi! Kuhesabu vidoti ni sekunde kumi.

Nilimwomba msamaha kwa simu. Akasema, "Ni sawa, Pasta." Jumapili alikaa kiti cha nyuma kabisa. Alhamisi naenda kwao, nimwombe tena mbele ya mamake, maana nilipompigia siku ile mama alikuwa kando yake, akisikia yote.