Altare ya Mtumbwi

Miaka ya 1950 watawala wa kikomunisti wa Polandi waliwakataza mapadri kuongoza vikundi vya vijana nje ya kanisa. Padri Karol Wojtyła hakuwaacha vijana wake. Alivaa nguo za kawaida, akaenda nao milimani na mitoni. Nao walimwita Wujek, yaani Mjomba, asitambulikane kuwa padri. Saa ya Misa, mtumbwi uliopinduliwa ukingoni ulikuwa altare, na makasia mawili yaliyofungwa pamoja yalikuwa msalaba. Mwaka 1958 aliitwa kutoka safari ya namna hiyo aambiwe kwamba ameteuliwa askofu. Alikubali, kisha akarudi mtoni kwao. Ndiye aliyekuwa Papa Yohane Paulo II mwaka 1978, na mtakatifu mwaka 2014.

Nawe mvuvi, nawe mwindaji, Dominika ikukutapo kambini, mbali na kanisa, huwa siku ya nani? Padri hayupo, lakini rozari na Injili haviulemei mtumbwi. Kusanya wenzako, usali nao. Bwana wetu naye alifundisha watu akiwa ameketi chomboni. Ukiiacha imani mlangoni pa kanisa, mtoto wako atamjuaje Mungu aliyeuumba mto?