Starehe na Amana: Mlo wa Kisiwani mbele ya Muumba

Je, anayesafiri hadi kisiwa cha mbali ili ale vizuri na kuburudika kwa bahari na miti anafanya jambo jema mbele ya Mungu, au anapoteza mali na wakati? Kuna makosa mawili katika kulijibu swali hili. La kwanza ni kuiona starehe kuwa adui wa roho, kana kwamba ladha haikuumbwa na Mungu yuleyule aliyeumba ulimi. La pili ni kuiona kuwa haki ya aliyelipa: akishatoa pesa zake, hana deni tena kwa samaki, kwa mwamba wala kwa mwenyeji.

Maandiko hayakubali kosa lolote kati ya hayo. Qurani, katika sura ya 7 aya ya 31, inaruhusu kula na kunywa na papo hapo inakataza israfu. Aya inayofuata inawahoji wanaoharamisha riziki njema. Katika Biblia, Mhubiri 3:13 inakihesabu chakula kuwa zawadi ya Mungu, na Mwanzo 2:15 inamweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kufurahia na kutunza, basi, ni wajibu mmoja.

Kisiwa cha Misali, magharibi mwa Chake Chake huko Pemba, kinalidhihirisha jambo hili. Hakina wakazi wa kudumu. Wavuvi hupiga dago, yaani kambi ya muda, wakavua, kisha wakarudi kwao. Kasa na ng'amba hupanda ufukweni kutaga. Wapemba husimulia kwamba Nabii Hadhara aliwaomba wavuvi msala wa kuswalia, nao hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, kitakuwa msala wake. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikifanya kuwa eneo la hifadhi, na sehemu ya mwamba upande wa magharibi ikafungwa kwa uvuvi. Baadaye IFEES, taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao Uingereza, ilishirikiana na wenyeji kuueleza uhifadhi kwa mafunzo ya dini: binadamu ni khalifa, na bahari ni amana. Hoja hiyo ina nguvu ambayo sheria peke yake haina, kwa maana askari wa doria hukwepeka, lakini mwenye kuamini hadhani kwamba Mungu hamwoni.

Pweza anaonyesha kwa nini amana hiyo si maneno matupu. Mezani huja akiwa ameshapondwa akalainika, akachemshwa na kuungwa kwa tui la nazi. Ila jike lake hutaga mara moja tu maishani; huyalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Anayemvua kabla hajataga amekula na kizazi chake. Ndiyo maana watu wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wamewahi kuufunga mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Kujizuia huko ni sehemu ya mlo, ingawa mgeni hakuoni.

Hata msafiri anayetoka bara, tuseme mtaa wa Pioneer, Eldoret, Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, si mgeni wa fikra hii. Mursik, maziwa ya mgando ya huko kwao, hupata harufu na ladha yake kwa mkaa wa kichaka cha senetwet unaosuguliwa ndani ya kibuyu. Kichaka hicho kikitoweka, maziwa yatabaki lakini mursik haitakuwa ile. Ladha ya mahali haitengani na uhai wa mahali.

Kutokana na hayo, starehe ya safari inakuwa halali na njema kwa masharti matatu. La kwanza ni shukrani, yaani kujua kwamba riziki imetoka kwa Mungu na kupitia jasho la mtu. La pili ni kiasi: kuagiza kinacholika, na kuacha kilicho kichanga au kilichokatazwa. La tatu ni haki kwa mwenyeji, ili mgeni asile kwa namna itakayomnyima mtoto wa mvuvi samaki wa kesho. Masharti hayo yakitimia, mlo na mandhari huwa ibada. Yakikosekana, hata sala inayosomwa kabla ya kula haiufuti uharibifu.