Farasi wa Buluu: Jaribio la Mchoraji na Swali la Uumbaji

Swali la iwapo mwanadamu anayechora kiumbe chenye roho anajitia katika kazi ya Muumba ni la zamani katika elimu ya dini, na pengine hakuna msanii linayemhusu kwa karibu kuliko mchoraji wa vitabu vya watoto, kwa kuwa kurasa zake hujaa tembo, vyura, farasi na ndege. Katika fikihi, yaani elimu ya hukumu za matendo ya waumini, hoja kubwa ya wanaokataza ni ile ya kushindana na uumbaji wa Mwenyezi Mungu kwa kutengeneza mfano wake. Na hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaeleza kwamba watengenezaji wa sura watatakiwa Siku ya Kiyama wazitie uhai, jambo wasiloliweza. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake ni tegemeo kubwa la madhehebu ya Shafi yaliyoenea katika mwambao wa Afrika Mashariki, aliielewa hukumu hiyo kwa ukali, akaijumuisha picha isiyo na kivuli pamoja na sanamu. Ilhali wanazuoni wengi wa Maliki waliiweka picha bapa katika daraja la makuruhu, yaani jambo linalochukiza bila kufikia haramu. Makala haya hayakusudii kutoa fatwa. Yanachunguza jambo moja tu, nalo ni kwamba ikiwa kosa la mchoraji ni kushindana, ushindani huo unapatikana wapi katika kazi yake anapoifanya?

Mfano unaofaa ni Eric Carle, aliyezaliwa Marekani mwaka 1929, akapelekwa Ujerumani na wazazi wake mwaka 1935, akarejea Marekani mwaka 1952, akaanzia kazi New York, na kufariki mwaka 2021. Carle hakuanza kwa kumchora mnyama. Alianza kwa kuzipaka karatasi za shashi, zile nyepesi zinazopenyeza mwanga, rangi za akriliki, akizikwaruza kwa kitana, akizigandamiza kwa kipande cha zulia, akizirushia matone kwa brashi, kisha akiziacha zikauke na kuzipanga katika droo kwa kufuata rangi. Karatasi ya kijani iliyolala katika droo ilikuwa haijawa kitu: ingeweza kuwa jani, mgongo wa kiwavi au jicho la paka, na aliyeipaka mwenyewe hakujua. Picha ilipatikana baadaye, kwa kukata na kubandika. Kitabu chake kuhusu kinyonga, kilichotoka mwaka 1975, alikirudia kwa njia hiyo ya vipande mnamo mwaka 1984, ingawa tayari kilikuwa kimekwisha kuchapishwa na kusomwa. Maana yake ni kwamba hata kazi iliyokamilika machoni pa wasomaji ilibaki jaribio machoni pa mwenyewe.

Hapo ndipo hoja ya makala haya inaposimama. Uumbaji, kama unavyoelezwa katika Qur'ani, ni amri inayotimia bila kipingamizi wala rasimu: Mungu hutaka kitu kiwe, nacho huwa. Jaribio ni kinyume chake kabisa, kwa sababu anayejaribu ni yule asiyejua kitakachotokea, anayehitaji mata zilizokuwapo kabla yake, na ambaye mata hizo zinaweza kumkatalia. Kila droo ya karatasi zisizo na matumizi bado ni ungamo la upungufu huo. Ikiwa ndivyo, basi mazoea ya kujaribu ndiyo yanayomtenga mchoraji na Muumba waziwazi zaidi, na mchoraji anayeendelea kujaribu hadi uzeeni yuko mbali zaidi na tuhuma ya ushindani kuliko yule anayeidai picha yake kuwa timilifu.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikaribia jambo hili kutoka upande mwingine katika kitabu chake cha kufafanua majina mazuri ya Mungu. Anapoyaeleza majina matatu yanayofuatana, Al-Khaliq, Al-Bari na Al-Musawwir, yaani Mkadiriaji wa viumbe, Mtengenezaji wao na Mtiaji wa sura zao, anatoa mfano wa jengo: anahitajika wa kulikadiria, wa kulijenga na wa kulipamba, na kwa wanadamu hao kwa kawaida ni watu mbalimbali, ilhali kwa Mungu yote matatu ni ya mmoja. Historia ya kitabu cha Carle, The Very Hungry Caterpillar, cha mwaka 1969, inalionyesha hilo vizuri ajabu. Wazo lilianzia kwenye matundu ya mashine ya kutobolea karatasi, ambayo yalimfanya Carle afikirie mdudu mla vitabu aitwaye Willi. Mhariri wake, Ann Beneduce, hakuvutiwa na mdudu huyo, na kutokana na mazungumzo yao kikapatikana kiwavi, na pamoja naye kipepeo wa ukurasa wa mwisho. Kisha, kwa kuwa kurasa zenye matundu na upana usiolingana zilikuwa ghali mno kuchapwa Marekani, kitabu kikachapwa Japani. Sifa yote akapewa mmoja, kama ilivyo desturi ya majalada, lakini sura ya kiumbe yule ilitokana na mikono mingi, na kipepeo, ambaye wasomaji wengi humwona kuwa ndiye maana ya kitabu, hakuwamo katika wazo la kwanza.

Kuna hadithi nyingine ambayo wakatazaji wenyewe wameipokea, na ambayo mchoraji wa watoto anastahili kuitafakari kuliko zote. Imo katika Sunan ya Abu Daud: upepo ulifunua pazia na Mtume akaona vikaragosi vya Bibi Aisha, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za viraka; alipouliza inakuwaje farasi awe na mbawa, akajibiwa kwamba farasi wa Nabii Suleimani walikuwa nazo, akacheka hadi magego yakaonekana. Wanazuoni wengi wameitoa hapa ruhusa ya vikaragosi vya watoto, hata baadhi ya waliokuwa wakali kwa picha nyinginezo. Lakini yafaa kuangalia pia aina ya kitu kilichoruhusiwa: farasi wa vipande, asiyefanana na farasi yeyote wa zizini, na mwenye hoja yake katika kisa.

Linganisha na mkasa wa farasi wa Franz Marc, mchoraji wa Ujerumani aliyewapaka farasi rangi ya buluu mwaka 1911 na kuuawa karibu na Verdun mwaka 1916. Utawala wa Nazi uliitangaza sanaa ya namna hiyo kuwa potovu na kuionyesha kwa dhihaka mjini Munich mwaka 1937. Na ni mwalimu wa Carle, Krauss, aliyemwonyesha mwanafunzi wake kwa siri nakala za picha zilizopigwa marufuku, jambo ambalo Carle alilikumbuka katika kitabu cha mwaka 2011 kuhusu mchoraji wa farasi wa buluu. Wanafikihi walichelea picha inayofanana mno na kiumbe; watawala wale walichukia picha isiyofanana nacho vya kutosha. Kwa kipimo cha kwanza, farasi wa buluu ni mnyenyekevu, kwa kuwa hadai kuwa farasi. Kwa kipimo cha pili ni mwasi. Hata wanyama waliovaa nguo na kwenda sokoni katika vitabu vya Mtanzania John Kilaka, vilivyochorwa kwa mtindo wa Tingatinga, hawawezi kushtakiwa kwa kumwiga Mungu, maana hakuna wanyama wa namna hiyo wa kuigwa.

Hoja hii ina mipaka. Mchonga masanamu ya kuabudiwa naye hujaribu na kukosea, na majaribio yake hayamwondolei lolote, kwa kuwa dhambi yake ni nyingine. Tena lipo lawama la Plato, aliyemweka mchoraji katika daraja la tatu kutoka kwenye ukweli kwa sababu huiga mwonekano wa kitu ambacho nacho ni kivuli cha asili yake. Lawama hilo halimgusi sana Carle wa farasi wa buluu, kwani hakuna mtoto anayedanganyika. Linamgusa Carle wa kiwavi. Katika kitabu kile kiwavi hujifungia ndani ya kifukofuko, yaani nyumba ya nyuzi wanayoisuka nondo wengi, ilhali karibu vipepeo wote hubadilika ndani ya ganda gumu lisilosukwa. Kitabu kinachomfundisha mtoto siku za juma na hesabu ya matunda kinampa mtoto haki ya kuamini pia kifukofuko, na hapo mchoraji hawezi kujitetea kwa uhuru wa ubunifu aliokuwa nao juu ya rangi ya farasi.