Kumkumbuka Mfungwa Wakati wa Tauni



Mtume Paulo alipokuwa mfungwa, watu wengi wa Asia walimwacha. Habari hii twaisoma katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 1. Lakini palikuwa na mtu mmoja, jina lake Onesiforo, aliyefika hata Rumi, akamtafuta Paulo kwa bidii mpaka akamwona, wala hakuionea haya minyororo yake. Mtume hakumsahau. Alimwombea rehema yeye na nyumba yake yote.

Sasa nauliza: kama Onesiforo angalifika mlangoni akakatazwa kuingia kwa sababu ya tauni, angalifanya nini?

Ugonjwa wa Korona ulitangazwa katika nchi yetu tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa, bali makanisa yaliachwa wazi. Mwezi ule ule huko Kenya na Uganda watu walizuiwa kuwatembelea wafungwa, na hapa kwetu nako kwenda gerezani kukawa jambo la kuogopwa. Tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, Rais Magufuli aliwapa msamaha wafungwa 3,973. Lakini walio wengi zaidi walibaki ndani, pamoja na mahabusu ambao kesi zao zilikuwa hazijakwisha. Wala tusiseme kwamba kuwazuia wageni ni ukatili. Gerezani watu hulala bega kwa bega, nao hawana pa kukimbilia. Epafrodito alipokwenda kumhudumia Paulo kifungoni aliugua karibu na kufa; siku zile za Korona mgeni angaliweza kuwapelekea wengine mauti kwa mkono ule ule ulioshika chakula.

Basi tulifanya nini sisi wa Bariadi? Tuliwaombea wafungwa siku ya Jumapili. Ni vema. Lakini Mungu huisikia sala ya kanisani, mfungwa haisikii. Yeye husikia uvumi tu: kwamba watu wanakufa, kwamba kwao hakuna aliyesalia. Hofu ya namna hiyo humla mtu usiku kuliko kunguni.

Mama mmoja wa usharika wetu alinijia wakati ule, mwanawe akiwa amefungwa katika mkoa mwingine. Akasema, "Mwalimu, mimi sijui kuandika. Niandikie." Nikachukua kalamu, nikaanza kwa maneno ya toba, nikaongeza mafungu manne ya Maandiko. Nilipomsomea, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hayo hakimu amekwisha kumwambia. Mwambie yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mwambie mtama tumevuna, pamba tunangoja bei. Mwambie mimi ni mzima, na sahani yake ipo." Naliona haya kidogo, nikaandika kama alivyotaka, na fungu moja tu la Maandiko mwishoni.

Jibu lilikawia sana. Lilipofika, kijana hakutaja fungu langu hata moja. Aliuliza, "Ndama ni wa rangi gani?" Mama yake akalia, akacheka, akaniambia niandike upesi.

Sisemi Neno la Mungu lisipelekwe gerezani, hasha! Lakini Paulo naye alipoandika kutoka kifungoni aliomba aletewe joho lake, na vitabu, akataja watu kwa majina yao. Mfungwa ni mtu mwenye kwao. Anayemwandikia kana kwamba yeye ni hukumu yake tu, humfunga mara ya pili.

Wainjilisti wenzangu, yako mambo ya kuangalia. Barua husomwa na askari kabla ya kumfikia mwenyewe, basi usiandike la kuficha wala usitie fedha ndani. Tena wako wasiojua kusoma, ambao barua yao itasomwa na mwenzao mbele ya wengine. Siri ya nyumbani isitiwe humo. Usimwahidi kwamba atatoka karibuni. Kama ugonjwa umeingia kijijini, mwambie kweli, na umtaje aliye mgonjwa na aliyepona, kwa maana asipoambiwa atawazika wote moyoni mwake. Na ukisema utaandika tena mwezi ujao, andika. Kuahidi na kunyamaza ni vibaya kuliko kutoandika kabisa.

Tauni ile imepita, lakini mwaka 2024 kipindupindu kiliingia Simiyu, na kesho hatujui litakuja gani. Tusingoje mpaka lango lifungwe ndipo tuanze kutafuta anwani. Kila nyumba iliyo na mtu wake kifungoni na ilete jina lake kwa mwinjilisti, hata kama wameona haya miaka mingi, hata kama alichokosa kiliwaumiza wao wenyewe. Asiyeweza kumsamehe bado na aandike salamu tu. Karatasi na kalamu zitakuwa mezani baada ya ibada. Asiyejua kuandika na aje na maneno yake, tutamwandikia kama asemavyo.