Mgeni wa Dakika Kumi



Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, mgeni wa dakika kumi ana haki gani kwetu?

Tuitazame stesheni ya North Platte, mji mdogo wa Nebraska, hapa Marekani. Tarehe 17 Desemba 1941, siku kumi baada ya shambulio la Pearl Harbor, wenyeji walikwenda stesheni na vyakula na zawadi kuwalaki vijana wao wa Kikosi D. Treni iliposimama, kumbe waliomo ni Kikosi D cha Kansas, watoto wa watu wengine. Zawadi wakapewa wao. Rae Wilson, binti wa mji ule, akaliandikia gazeti akipendekeza kazi hiyo iendelee. Ikaendelea tangu Krismasi ile hadi tarehe 1 Aprili 1946. Treni zilisimama kama dakika kumi tu kujaza maji. Mji wenye watu wapatao 12,000, ukisaidiwa na vijiji vya jirani, ulilisha askari zaidi ya milioni 6, weusi kwa weupe.

Lakini mji huo huo, Julai 1929, baada ya mtu mmoja mweusi kumuua polisi, uliwafukuza wakaazi wake weusi ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Wako watakaosema basi ukarimu ule ulikuwa unafiki. Mimi siafiki. Kijana aliyekuwa akienda vitani alikula mkate wa kweli, na huenda ulikuwa wa mwisho kupewa na mkono wa mama. Ila mpita njia haombi kazi, hapangi nyumba mtaani kwako, wala mtoto wake haketi dawati moja na wako. Jirani anayataka yote hayo, na kesho utamkuta palepale.

Stesheni ile ilibomolewa mwaka 1973. Swali lake tunalo sisi tuliohamia ugenini, na tunao wageni wetu pia. Wengi huitumia methali ile kumsuta mgeni aliyekawia. Lakini anayepewa jembe amepewa na nafasi shambani: atalima nasi, atavuna nasi. Kumpa mtu mkate ni wema. Kumpa jembe ni kukubali kwamba haondoki.