MBIO KATIKA NJIA TUSIYOIJUA

Masomo: 1 Wafalme 19:1-16, Waebrania 12:1-3



Katika Kiswahili chetu neno "kukimbia" lina kazi mbili. Anayekimbia hatari tunamwita mkimbizi. Anayekimbia mashindano tunamwita mkimbiaji. Miguu ni ile ile na jasho ni lile lile. Lakini wa kwanza anasukumwa na kilicho nyuma yake, na wa pili anavutwa na kilicho mbele yake. Leo kila mmoja ajiulize: tangu nifike Nakivale, mimi ni yupi kati ya hao wawili?

Mbio za kwanza tunazijua. Bunagana ilipotekwa tarehe 13 Juni 2022, familia nyingi zilivuka kuingia Kisoro, watoto mgongoni. Wengi walipokelewa Nyakabande, kisha wakaletwa hapa. Wengine walikuwa wametangulia, kutoka Masisi, Burundi na Rwanda. Wako kati yetu waliopanda milima alfajiri, katika njia wasiyoijua, wakifuata tu nyayo za aliyekuwa mbele.

1. Mungu hamkemei aliyechoka

Eliya naye alikimbia kuiokoa roho yake. Yezebeli aliapa kumwua, naye akaenda jangwani, akalala chini ya mti, akaomba afe. Je, malaika alimgombeza? Hapana. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili. Ndipo Eliya akatembea siku arobaini mpaka mlima wa Mungu, Horebu, na huko akapewa kazi mpya. Aliingia jangwani kama mkimbizi. Aliondoka pale chini ya mti akiwa na mahali pa kwenda. Ndugu uliyechoka, kulia si dhambi. Kula, pumzika, halafu usikilize Bwana anakutuma wapi.

2. Tazama alama iliyo karibu

Mwaka 2015, huko Betws-y-Coed katika nchi ya Wales, wanariadha wa Uganda, Fred Musobo na Stella Chesang, walishinda mbio za dunia za milimani, mmoja kwa wanaume na mwingine kwa wanawake. Mlima ule haukuwa wa kwao. Lakini katika mbio za namna hiyo kuna watu waliotangulia kuweka alama njiani. Mkimbiaji hahitaji kuuona mlima wote. Asubuhi yenye ukungu huenda asione hata kilele. Anafupisha hatua penye mwinuko, anaangalia mahali pa kukanyaga, anatafuta alama inayofuata.

Waebrania inatuambia hivyo hivyo. Sura ya 11 inatuonyesha waliotangulia, akiwemo Ibrahimu aliyetoka bila kujua aendako. Sura ya 12 inatuelekeza kumtazama Yesu, aliyeipita njia hiyo kabla yetu mpaka msalabani.

3. Weka mzigo chini

Hakuna apandaye mlima mbio akiwa na gunia kichwani. Mizigo yetu ni ipi? Wengine ni chuki juu ya waliotufukuza. Wengine ni kungoja. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshapita mahojiano zikaona mlango unafungwa. Uchungu huo ni wa kweli. Asiseme mtu kwamba waliopatwa na hayo walikosa imani. Lakini tumesikia pia maneno haya: "Kwa nini nipande maharage, mimi ni wa kuondoka?" Miaka inapita, shamba ni pori, mtoto hajaandikishwa shule. Kutumaini safari si kosa. Kosa ni kuacha kuishi kwa ajili yake. Yeremia 29 inawaagiza waliohamishwa wajenge, wapande na wale matunda yake, ingawa Mungu alikuwa amewaahidi kurudi.

4. Usimpite aliyeanguka

Katika mashindano mengi ya milimani kuna kanuni: ukimkuta mwenzako ameumia, simama umsaidie, hata kama utapoteza nafasi yako. Je, kanisa litakuwa chini ya hapo? Juma hili mtafute jirani ambaye kesi yake imesimama, ukae naye. Mama akipelekwa hospitali Mbarara, tuulize: watoto wamebaki na nani? Mwenye debe la unga agawe kikombe. Hakuna jambo kubwa katika hayo, lakini ndivyo mwenzetu anavyoinuka na kuendelea.

Tuombe: Bwana Yesu, ulituona tulipokimbia usiku. Utulishe kama ulivyomlisha Eliya, utuonyeshe hatua ya leo, na utufikishe pamoja. Amina.